Msaidizi wa muganga naye apewe kitabu

Mama anayefika na mtoto mgonjwa kwenye kituo cha afya, iwe Lubero, Masisi, Djugu ao Kalehe, mara nyingi hakutani kwanza na daktari. Hakutani hata na IT, yaani muganga mkuu wa kituo. Anayempokea ni yule aliyekuwa akipiga deki asubuhi, anayechota maji, anayemwonyesha benchi ya kukaa na kupima mkono wa mtoto kwa utepe wa rangi tatu. Katika kambi za wahami ni vile vile. Kabla gari la shirika halijafika, reko amekwisha kupita hema kwa hema akiuliza nani anaharisha, nani ana homa, nani amejifungua usiku.

Watu hawa wana majina mengi. Kuna wasaidizi wa wauguzi, wafanyakazi wa sale ya wagonjwa, watu wa usafi na klorini, wabeba machela, mama wakunga wa kijiji, na reko. Wengi wao hawako mekanize, maana yake hawamo kwenye orodha ya mishahara ya Leta. Wanaishi kwa prime ndogo kama ipo, na kama haipo wanaishi kwa shamba. Lakini kuna jambo lingine linalowaunganisha, nalo haliongelewi sana: ni mara chache mtu kuwapa kitu cha kusoma, na ni mara chache zaidi mtu kuhesabu kile walichojifunza.

Hilo si jambo dogo la ofisi. Linagusa uhai wa wagonjwa na haki ya wafanyakazi. Na kati ya matatizo yote ya afya ya mashariki ya Kongo, ni moja ya yale machache yanayoweza kuanza kurekebishwa bila kungoja Kinshasa na bila kungoja vita viishe.

Ngazi isiyo na kipago cha kwanza

Kwenye karatasi, afya ya Kongo imepangwa vizuri. Inchi imegawanywa katika zoni za afya zaidi ya 500. Kila zoni ina ofisi ya Mganga Mkuu wa Zoni na inapaswa kuwa na hospitali yake kuu ya rufaa. Chini yake kuna maeneo ya afya, na kila eneo linapaswa kuwa na kituo chake. Chini ya kituo kuna kijiji ao mtaa, na pale ndipo reko anasimama.

Wauguzi nao wana ngazi yao, na kila familia yenye mtoto wa shule inaijua. Anayemaliza ITM anaitwa A2. Anayeendelea ISTM anatoka A1, kisha anaweza kufika A0. Mfumo mpya wa LMD unabadilisha majina na miaka, lakini njia inaonekana: mtu anajua alipo, anajua panapofuata, na anajua karatasi gani inahitajika. Tangu sheria ya 2016, wauguzi wana hata chama chao cha lazima kinacholinda kazi yao, Ordre des Infirmiers.

Sasa tazama aliye chini ya A2. Mwanamke amefanya kazi kwenye chumba cha uzazi kwa miaka 10. Ameshika taa usiku, amefua vikwembe vyenye damu, amejifunza kwa macho yake kutambua mama anayevuja damu kupita kiasi. Kwenye karatasi, yeye na yule aliyeanza jana ni sawa. Hakuna nivo inayomhusu, hakuna karatasi inayosema anajua nini, hakuna mtu aliyemwambia kwamba akirudi shule atapunguziwa hata saa moja ya staji. Ngazi ipo, lakini kipago cha kwanza kiko juu ya kichwa chake.

Kwa mhami ni mbaya zaidi. Reko anakimbia kijiji chake na watoto, mkeka na sufuria. Akifika mahali pa kimbilio, anajiandikisha kama mama wa watu sita, basi. Hakuna anayemuuliza kama alikuwa akipima watoto, kama aliwahi kuhesabu pumzi za mtoto mwenye nimonia, kama alisaidia kampeni ya chanjo ya surua. Na hata akiulizwa, ataonyesha nini? Breve zake za semina zimeungua na nyumba, ao zimebaki kwenye sanduku la IT ambaye naye alikimbilia upande mwingine. Basi anaenda kulima kwa kupakasa, huku kambini penyewe watu wanatafutwa wa kuelimisha wenzao juu ya kipindupindu, wanaanzishwa upya toka sifuri.

Ukurasa mmoja unaweza kuokoa nini

Kuna watu watasema: hawa ni watu wa kusafisha na kubeba, kusoma kutawasaidia nini? Jibu liko kwenye mambo madogo ambayo msaidizi hukutana nayo kila juma.

Chukua utepe wa kupima mkono. Wasaidizi wengi wamefundishwa rangi: kijani ni salama, manjano ni hatari, nyekundu ni utapiamlo mkali. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, nyekundu inaanza chini ya sentimita 11.5. Lakini rangi peke yake haitoshi. Mtoto mwenye bwaki anaweza kuwa na mkono unaoonekana mnene kwa sababu amevimba maji. Utepe unaweza kusema kijani, na mtoto yuko karibu na kufa. Kitabu chochote kizuri cha utapiamlo kinaandika hivi: finya miguu yote miwili kwa kidole gumba kwa sekunde tatu, kama shimo linabaki kwenye miguu yote miwili, huyo ni mgonjwa mkali, utepe useme unavyosema. Ni mistari miwili. Asiyeisoma anamrudisha mama nyumbani na neno la faraja.

Chukua pumzi. Msaidizi anayejua kuhesabu anaweza kutambua mtoto ambaye huenda ana nimonia bila chombo kikubwa, mradi awe na saa ao telefone. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 ao zaidi kwa dakika moja, na mtoto wa mwaka 1 hadi 5 anayepumua mara 40 ao zaidi, anapumua haraka kuliko kawaida na anapaswa kuonwa na muganga siku ile ile. Namba hizo mbili haziombi diploma. Zinaomba kuandikwa ukutani na kusomwa mpaka ziingie kichwani.

Chukua pakiti ya maji ya chumvi na sukari kwa anayeharisha. Pakiti ya kawaida inaingia katika lita moja ya maji safi. Katika kambi, chupa iliyo karibu mara nyingi ni ya lita moja na nusu, ao kikombe ambacho hakuna anayejua kipimo chake. Maji yakizidi, dawa inapungua nguvu. Maji yakipungua, chumvi inaweza kumdhuru mtoto. Anayegawa pakiti bila kusoma maandishi yaliyo juu yake anagawa nusu ya dawa.

Na chukua jambo zito kuliko yote, lile ambalo wanawake wengi wa vijiji na kambi wanalijua kwa machungu. Mwanamke aliyebakwa anahitaji kufika kwa muganga ndani ya saa 72 ili apewe dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, yaani SIDA. Kila saa inayopita inapunguza nguvu ya dawa hizo. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kutolewa mpaka saa 120. Mara nyingi mwanamke huyo hamwendei daktari kwanza. Anamwendea mwanamke mwenzake anayefanya usafi kwenye kituo, ao reko wa mtaa wake, kwa kuwa anamwamini. Kama reko yule anajua saa 72, anamshika mkono waende leo. Kama hajui, anamwambia apumzike, aoge, aje Jumatatu. Haya yote yanaamuliwa na mtu ambaye huenda hakupewa hata ukurasa mmoja juu ya jambo hilo.

Wakaaji wa Beni, Butembo, Mangina na Mambasa wana ushahidi wao. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 iligusa watu 3,470 na kuua 2,287. Kati ya walioambukizwa, zaidi ya 160 walikuwa wafanyakazi wa afya. Ugonjwa ule uliingia vituoni kwa mikono, kwa sindano, kwa shuka, kwa ndoo. Tofauti ya klorini ya asilimia 0.05 kwa mikono na ile ya asilimia 0.5 kwa sakafu na vyombo ikawa kinga ya familia nzima. Aliyechanganya klorini hiyo hakuwa daktari. Alikuwa ni mtu wa usafi. Watu wengi walijifunza wakati ule, tena kwa haraka na vizuri. Lakini mashirika yalipoondoka, mabango yalichakaa ukutani, na waliofundishwa hawakuachiwa kitabu cha kurudia.

Vitabu vipo, havijafika mkononi

Mtu asiseme hakuna cha kusoma. Kipo, na sehemu kubwa ni bure.

Kitabu cha David Werner, Mahali Pasipo na Daktari, kiko kwa Kiswahili tangu zamani. Mwandishi alikiandika kwanza kwa Kihispania kwa ajili ya wahudumu wa vijiji vya milimani huko Mexico, watu wenye masomo machache, na ndiyo maana kina picha nyingi na maneno mepesi. Baadhi ya maneno yake ni ya Kiswahili cha Tanzania na yatahitaji kuelezwa. Kuna jambo la kuangalia pia: dozi za dawa katika matoleo ya zamani zisifuatwe, kwa sababu matibabu ya malaria na magonjwa mengine yamebadilika. Kwa dawa, kinachofuatwa ni protokoli ya inchi iliyo mkononi mwa IT. Lakini kwa usafi, uzazi, kuharisha, vidonda, dalili za hatari na namna ya kuongea na mgonjwa, kitabu hicho bado ni mwalimu mzuri.

Madaktari Wasio na Mipaka wana vitabu vyao vya Kifaransa, kama Guide clinique et thérapeutique na Médicaments essentiels, ambavyo mtu anaweza kuvipakua bure kwenye telefone na kuvisoma bila intaneti. Vimeandikwa kwa waganga na wauguzi, si kwa reko. Lakini A2 anaweza kusoma ukurasa mmoja na kuueleza kwa Kiswahili kwa wasaidizi wake. Shirika la Afya Duniani lina kozi za bure kwenye intaneti, nyingine kwa Kifaransa. Na kila kituo kinapaswa kuwa na fishi za PCIME, yaani utaratibu wa kutunza mtoto mgonjwa uliotengenezwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF, zenye masanduku na mishale ya kufuata. Mara nyingi fishi hizo ziko kabatini, na ufunguo wa kabati uko mfukoni.

Hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipo. Kitabu kinafika kwenye zoni, kinapokelewa na mkubwa, kinawekwa pahali salama. Semina inafika, anatumwa yule wa juu, kwa sababu kuna perdiem. Akirudi, anarudi na begi, kalamu na kofia. Waliobaki kazini hawapati hata muhtasari. Si kwamba watu wana roho mbaya. Ni mazoea: elimu imefanywa kuwa zawadi ya cheo, wakati ilipaswa kuwa chombo cha kazi kama ndoo na sabuni.

Lugha nayo ni ukuta. Katiba ya 2006, kifungu cha 1 kabisa, inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa na inasema Leta inazikuza bila ubaguzi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya karatasi za afya zinazoshuka chini ni za Kifaransa. Msaidizi aliyeishia darasa la sita anajua kusoma Kiswahili chake cha kanisani ao msikitini bila shida. Anasoma mistari mirefu ya Biblia ao Kurani iliyotafsiriwa. Lakini akipewa karatasi ya Kifaransa yenye maneno ya kidaktari, anaitikia kwa kichwa na kuikunja. Halafu wakubwa wanasema hawa watu hawapendi kusoma.

Woga wa daktari wa mtaa

Kuna hoja moja ambayo si ya kupuuza. Wauguzi wengi wanaogopa kwamba msaidizi akisoma kidogo, kesho atafungua chumba nyumbani, atanunua seromu na sindano, atajiita daktari. Jambo hilo linatokea. Kila mji wa mashariki unajua maduka ya dawa yasiyo na ruhusa na nyumba ambamo watu wanachomwa sindano gizani. Kuna watoto walioharibika miguu kwa sindano ya mtu asiyejua mshipa uko wapi. Familia nyingi zimelia kwa sababu hiyo, na wauguzi wana haki ya kuogopa.

Lakini mtu aulize: wale wanaochoma sindano gizani, ni vitabu vilivyowapeleka huko? Wengi walijifunza kwa kuchungulia. Waliona muganga akichoma, wakaiga mkono bila kujua sababu. Hakuna aliyewafundisha mpaka wa kazi yao, kwa hiyo hawaujui. Kitabu kizuri cha msaidizi hakianzi na dawa. Kinaanza na orodha ya dalili za hatari na neno moja: peleka. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, peleka. Anayetapika kila kitu, peleka. Aliyeshikwa na degedege, peleka. Anayelala tu bila kuamka vizuri, peleka. Msaidizi aliyesoma orodha hiyo na kusaini kwamba ameielewa ana mpaka unaojulikana, na akiuvuka, kuna karatasi ya kumhukumu. Asiyesoma hana mpaka wowote.

Tena Kongo yenyewe imekwisha kuonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Katika vijiji vilivyo mbali na vituo, kuna reko waliochaguliwa na kufundishwa kutunza malaria ya kawaida, kuharisha na nimonia kwa watoto wadogo, kwa fishi yenye picha, kwa dawa chache zilizohesabiwa, chini ya uangalizi wa IT. Si madaktari, na hawajiiti madaktari. Wana karatasi inayosema wafanye nini na wasifanye nini. Kama inawezekana kwa dawa, vipi ishindikane kwa usafi wa mikono, kupima joto na kupokea mgonjwa kwa heshima?

Hoja ya pili ni ya tumbo. Msaidizi asiyelipwa atasoma kwa nguvu gani? Swali ni la haki. Kusoma hakulipi minervali ya mtoto, na Leta haiwezi kujificha nyuma ya vitabu ili isilipe mishahara. Madai ya malipo yaendelee, kwa sauti kubwa. Lakini masomo yasiwekwe kwenye foleni nyuma ya mshahara, kwa sababu anayejua kazi yake na mwenye karatasi ya kuthibitisha anadai kwa nguvu zaidi kuliko asiye na kitu. Na kwa kuwa wengi wao ni mama wanaorudi nyumbani kutafuta maji na kuni, saa ya kusoma iwe ndani ya saa za kazi. Mama asiongezewe mzigo wa usiku.

Saa moja, kaye moja

Kazi inaweza kuanza na mambo mawili, na hakuna hata moja linalohitaji mradi wa dola.

La kwanza ni saa moja kila juma. Kituo kichague siku isiyo ya chanjo wala ya wajawazito wengi. Wote wakae: IT, wauguzi, wa sale, wa usafi, reko wanaoweza kufika, na reko wahami walioko kwenye eneo hilo la afya. Ukurasa mmoja usomwe kwa sauti, kwa Kiswahili. Aliyeusoma aulizwe maswali. Kisha mikono ifanye: leo kuchanganya klorini, juma lijalo kuhesabu pumzi, juma linalofuata zile nyakati tano za kunawa mikono, yaani kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi mkali, baada ya kugusa damu ao uchafu wa mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa kitanda na vitu vyake. Asiyejua kusoma asifukuzwe. Atasikiliza, ataonyesha kwa mikono, na huenda akapata sababu ya kujiunga na darasa la kujua kuandika. Perdiem isiwepo, ila chai ikipatikana itakaribishwa.

La pili ni kaye ya mafunzo. Kila msaidizi awe na kaye yake mwenyewe, ya bei ya chini kabisa ya sokoni. Kila mara anapojifunza jambo na kulifanya mbele ya muganga, iandikwe tarehe, jambo lenyewe, jina na saini ya aliyemtazama, na muhuri wa kituo. Si kwamba amehudhuria semina. Kwamba anaweza kufanya. Kati ya karatasi inayosema alishiriki siku tatu na ile inayosema anajua kupima mkono wa mtoto na kutafuta uvimbe wa miguu, ya pili ndiyo inamsaidia mgonjwa.

Kaye hiyo ikae kwa mwenyewe, si kabatini kwa mkubwa. Ipigwe picha kwa telefone, itumwe kwa ndugu aliye mji mwingine. Siku risasi zikilia, mtu aichukue pamoja na kadi ya kura na karatasi za watoto. Akifika pahali pengine, iwe kambini ao katika familia iliyompokea, aionyeshe kwa IT wa pale. Yule IT anaweza kumjaribu kwa dakika 20 akajua kama kaye inasema kweli. Hapo mama wa watu sita anakuwa tena mfanyakazi wa afya, na kambi inapata mtu anayejua lugha na machungu ya watu wake.

Wakubwa nao wana sehemu yao

Ofisi za zoni zinaweza kukubali kaye hiyo kwa barua ya ukurasa mmoja, ili isiwe kitu cha kituo kimoja tu. Zinaweza kuagiza kwamba kila anayetumwa semina arudi na kuwafundisha wenzake katika saa ya juma, na asiyefanya hivyo asitumwe tena. Hilo peke yake lingebadilisha mengi.

Mashirika yanayofanya kazi kwa wahami yaache karatasi za Kiswahili nyuma yao. Yakitafsiri bango, yatafsiri pamoja na reko wa eneo, ili liandikwe bwaki na kuhara damu, si maneno ambayo hakuna mama anayeyatumia. Na kabla ya kuanzisha timu mpya kambini, yaulize kwanza nani kati ya wahami amekwisha kufanya kazi hiyo kwao.

ITM na ISTM nazo zifikiri. Kuna vijana wengi kwenye sale za wagonjwa wenye Diploma ya Leta ambao walikosa tu minervali. ISTM inapokea wenye diploma hiyo. Kinachowazuia ni pesa na saa za masomo. Shirika linaloendesha mradi katika zoni likilipia masomo ya wasaidizi wawili tu, litaacha kitu kinachodumu kuliko magari yake. Na shule ikipanga masomo ya mchana kwa wale wanaolinda usiku, itapata wanafunzi ambao hawaogopi damu wala kinyesi, wanaojua kazi kabla ya kujua majina yake ya Kifaransa.

Familia nazo zisikae kimya. Kila eneo la afya linapaswa kuwa na kamati yake, CODESA, ambamo wakaaji wanakaa pamoja na watu wa kituo. Wahami wanaoishi katika eneo hilo wana haki ya kusikilizwa humo, kwa kuwa nao ni wagonjwa wa kituo hicho hicho. Katika mkutano unaokuja, mtu anaweza kuuliza maswali matatu mepesi: vitabu vilivyofika mwaka huu viko wapi, nani amevisoma, na yule mama anayepokea watoto wetu mlangoni amefundishwa nini mwezi huu? Kama kabati limefungwa, kamati iombe ufunguo.